Bweranyange, shamba la zamani ambalo halijakarabatiwa

Siku hizi vijana wa mjini tumepata ugonjwa mpya. Mtu akijaliwa siku tatu za mapumziko hataki tena ufukwe wala muziki wa kupasua masikio. Anataka shamba. Anataka nyumba ya zamani yenye kuta nene, moto wa kuni, kahawa iliyochumwa pale pale, ukungu wa asubuhi na simu isiyoshika mtandao. Babu zetu waliukimbia ukimya huo wakaja mjini kutafuta kazi. Sisi tunatoa pesa tuurudie kwa siku mbili. Ndio dunia hiyo.

Sina ugomvi na starehe ya mtu. Nina swali moja tu, na nitawaomba wasomaji wangu mnivumilie nilizungushe kidogo: hilo shamba la zamani tunalokwenda kulala lilikuwa la nani?

Chukua Gibb's Farm, pale juu ya Karatu, kwenye miteremko ya Ngorongoro. Nyumba yake ilijengwa mwaka 1929, enzi za masetla wa Kijerumani waliolima kahawa. Mwaka 1948 ikanunuliwa na Mwingereza, James Gibb, na mwaka 1972 ikaanza kupokea wageni wa kulala. Au chukua Kisolanza, kando ya barabara ya Iringa kwenda Mbeya, ambako wageni hupokelewa katika shamba la familia ya masetla. Pazuri kote kote, wala sisemi watu wasiende. Lakini angalia mtindo. Karibu kila ukisikia "nyumba ya shamba ya zamani iliyokarabatiwa" hapa Tanzania, jua mjenzi wake alikuwa setla. Ukarabati unahitaji vitu viwili, ukuta uliobaki umesimama na karatasi ya umiliki, na enzi hizo vyote viwili alikuwa navyo setla.

Sasa njoo Kagera. Kule utatafuta nyumba ya setla ya kukarabati mpaka uchoke. Sababu ipo na ni ya kihistoria. Kuanzia mwaka 1906 Wajerumani waliitawala Bukoba kama walivyoitawala Rwanda na Urundi, kwa mfumo wa Residenti. Wafalme waliachwa kwenye viti vyao, mzungu akakaa pembeni akitoa amri. Masetla hawakupewa nafasi ya kuenea kule kama walivyoenea Kilimanjaro, Meru na Usambara. Kahawa ya Kagera ikabaki mikononi mwa mwananchi, ndani ya kibanja, chini ya migomba, nyuma ya nyumba. Tena kahawa yenyewe haikuletwa na mzungu. Watu wa kule walikuwa wakizichemsha buni, wakazikausha na kuzitafuna, na mgeni akifika ndicho kitu cha kwanza kuwekewa mkononi.

Kwa hiyo Kagera haina shamba la zamani la kupumzikia? Linalo, tena limezizidi umri nyumba zote nilizozitaja. Liko Karagwe, linaitwa Bweranyange. Shida ni kwamba halina ukuta hata mmoja uliosimama.

Jina lenyewe linasimulia. Katika lugha za kule kwera ni kuwa nyeupe, na enyange ni yule ndege mweupe tunayemwita yangeyange kwa Kiswahili, anayefuatana na ng'ombe akidonoa wadudu wanaorushwa na kwato. Mahali penye weupe wa yangeyange ni mahali penye ng'ombe wengi. Na ndivyo palivyokuwa. Bweranyange ilikuwa makao ya Omukama wa Karagwe, wa ukoo wa Wahinda waliojitaja kuwa uzao wa Ruhinda. Usifikirie ikulu ya mawe. Fikiria kilima chenye nyasi fupi, ua mkubwa, nyumba za nyasi za duara, mazizi, wahunzi na vyungu vya maziwa. Kwa maneno ya leo, lilikuwa shamba la mifugo lenye serikali ndani yake.

Mwezi Novemba 1861 ndipo wageni wawili kutoka Uingereza walipofika pale, John Hanning Speke na James Augustus Grant. Walikuwa njiani zaidi ya mwaka tangu waondoke pwani, wakitafuta chimbuko la mto Nile. Kiongozi wa msafara wao alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto akapelekwa India, kisha akarudi Afrika akiwa mtu huru. Safari ilikuwa imewatoa jasho. Wapagazi walitoroka, na kila mtemi njiani alidai hongo. Usui, jirani kabisa na Karagwe, walikamuliwa hongo mpaka wakachoka. Walifika wakiwa hoi.

Wakavuka mpaka wa Karagwe, na mambo yakabadilika. Hakuna hongo. Maofisa wa Omukama Rumanyika waliwapokea wakasema amri imetoka juu: vijiji vyote vya njiani viwape wageni chakula. Walipofika Bweranyange tarehe 25 Novemba, mwenye nyumba aliwapokea kwa upole na maswali mengi. Alitaka kujua habari za dunia, jua na mwezi, watawala wa nchi nyingine. Speke, ambaye hakuwa mwepesi wa kuwasifu Waafrika, alimsifu huyu.

Kuna jambo moja Speke aliliandika ambalo hunichekesha kila nikilikumbuka. Bweranyange iko juu, na jioni baridi inauma. Watu wa pwani waliokuwa kwenye msafara walitetemeka, wakaanza kushuku kwamba sasa wanakaribia Uingereza, maana ndiyo nchi pekee ya baridi waliyowahi kuisikia. Ndugu zangu wa Dar mnaobeba koti zito mkienda Lushoto, mnao wazee wenu.

Chini ya makao ya mfalme kulikuwa na ziwa dogo limejikunja kati ya vilima. Grant aliona linafanana na ziwa la kwao, wakalibatiza "Little Windermere", Windermere ndogo. Hapa simama kidogo. Windermere ya Uingereza wakati ule ilikuwa tayari sehemu ya mapumziko. Reli ilifika karibu nayo mwaka 1847, na matajiri wa viwanda vya kaskazini walikuwa wakijijengea nyumba za kupumzikia kandokando ya maji. Kwa hiyo jina walilolipa ziwa la Karagwe lilikuwa jina la likizo. Mwaka 1861, kabla hatujajua hata neno utalii, Karagwe ilikuwa imeshapewa sura ya mahali pa mapumziko.

Nao walipumzika kweli. Waliwinda na kuchora. Speke alipata dume hai la nzohe, swala wa kwenye matete mwenye kwato ndefu, na mpaka leo jina la kisayansi la mnyama huyo limebeba jina la Speke. Krismasi ilipofika, Rumanyika, aliyekuwa amesikia kwamba Waingereza siku hiyo hula nyama ya ng'ombe kwa wingi, aliwapelekea ng'ombe. Hebu fikiria: mfalme asiye Mkristo anampelekea mgeni kitoweo cha sikukuu ya mgeni, kwa kuwa ameulizia desturi zake. Hoteli ngapi leo zinafanya hivyo bila kuongeza kwenye bili?

Januari 1862 Speke akaondoka kwenda Buganda kwa Mutesa. Grant hakuweza. Mguu wake ulikuwa umevimba na kutoa vidonda vibaya. Baadhi ya madaktari wa siku hizi waliosoma maelezo yake wanadhani ulikuwa ugonjwa wa kidonda cha Buruli. Akabaki peke yake na baadhi ya watu wa msafara mpaka Aprili, akaondoka amebebwa kwenye machela. Jumla ni karibu miezi mitano pale Bweranyange, akilishwa na kujaribiwa dawa za kienyeji, huku akiandika habari za watu na mimea. Kama tunatafuta mgeni wa kwanza wa muda mrefu aliyekaa "shamba" Karagwe na kuandika kitabu juu yake, basi ni Grant. Na mwenye nyumba ya wageni alikuwa Rumanyika.

Mpaka hapo hadithi ni tamu. Lakini mimi ni mwandishi wa habari, na mwandishi akisikia "utulivu" lazima aulize nani anaulipia.

Kwanza, Rumanyika hakuwa mjinga wa kugawa ng'ombe bure. Alipata kiti baada ya baba yake, Ndagara, kufariki, akagombana na ndugu yake Rogero. Wafanyabiashara wa pembe za ndovu walimsaidia, akiwemo Musa Mzuri, Mhindi wa Tabora. Rogero alikuwa bado hai na bado tishio. Waarabu walikuwa na kituo chao Kafuro, si mbali na makao. Buganda, jirani mwenye nguvu, alikuwa upande wa kaskazini. Katika mazingira hayo mgeni mwenye bunduki na habari za mbali ni mtaji. Ukarimu wa Rumanyika ulikuwa wa kweli, na ulikuwa pia siasa ya mambo ya nje. Sioni vinapingana.

Pili, ile amri ya vijiji kuwalisha wageni. Mkulima aliyetoa kuku, viazi na ndizi zake hakuulizwa kama anapenda. Speke alishukuru mfalme. Jina la mkulima halimo kitabuni.

Tatu, wanawake. Wake wa wakubwa walinyweshwa maziwa mpaka wakanenepa wasiweze kusimama, kwani unene ulikuwa ndio uzuri na ndio ushahidi wa utajiri wa zizi. Speke alimpima kwa kamba mke wa kaka yake mfalme, akaandika vipimo vya mkono, kifua na paja kama mtu anayepima gogo. Pembeni alikaa binti wa miaka kumi na sita akinywa maziwa, baba yake ameshika fimbo. Sijui nimkasirikie nani zaidi, mwenye fimbo au mwenye kamba. Najua tu kwamba binti yule hakuwa likizoni.

Na wageni nao waliondoka na vitu. Kitabu cha Speke kilitoka mwaka 1863, na ndani yake kuna sura nzima ya nadharia iliyonenepeshwa pale pale kwenye utulivu wa Karagwe: kwamba watawala wafugaji wa nchi za maziwa makuu, kina Rumanyika, si watu wa hapa, asili yao ni Ethiopia, na ndiyo maana wanatawala. Alimweleza hata Rumanyika mwenyewe habari hizo. Ushahidi? Pua, urefu na Biblia. Wafugaji na wakulima wa Karagwe walizungumza lugha moja, na koo zilikuwa zikivuka mipaka ya kazi zao, lakini hilo halikumzuia.

Nadharia hiyo ilikua. Wakoloni waliofuata, Wajerumani kisha Wabelgiji, waliitumia Rwanda na Burundi kugawa watu, mpaka ikaandikwa kwenye vitambulisho. Speke hakupanga mauaji ya mwaka 1994, na waliopanga wana majina yao. Lakini tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu zaidi ya laki mbili walipovuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja, na wengine wakajaa kwenye kambi za Karagwe yenyewe, wazo lililopewa wino na mgeni wa Bweranyange lilikuwa limerudi nyumbani likiwa na damu. Wazee wa Kagera wanaokumbuka miti ilivyokatwa kwa kuni za wakimbizi hawahitaji kuelezwa.

Turudi kwenye shamba letu. Mwaka 1876 Henry Morton Stanley naye alifika. Rumanyika alikuwa mzee, bado mpole. Stanley aliishusha mashua yake, Lady Alice, kwenye lile ziwa, na alionyeshwa nyumba ya hazina ya mfalme: bata wa shaba nyeupe wenye mabawa ya shaba nyekundu, ng'ombe wa shaba wasio na vichwa, mikuki ya kila namna, na bunduki aliyoacha Speke. Kwa lugha ya leo ilikuwa makumbusho, tena yenye mtu wa kukutembeza. Uhunzi haukuwa kazi ya pembeni katika ufalme huu. Nyundo na chuma vilikuwa alama za utawala sawa na ngoma, na wataalamu wa mambo ya kale wamechimba Karagwe wakaeleza jinsi chuma na ufalme vilivyoshikana.

Baada ya Rumanyika kufa, ugomvi wa urithi ulikula familia ya kifalme. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ikaja sotoka, ule ugonjwa wa ng'ombe uliotoka kaskazini na kufyeka mifugo ya Afrika Mashariki karibu yote. Sasa elewa maana yake kwa mahali kama Bweranyange. Hapakuwa na benki. Ng'ombe ndio walikuwa benki, mahari, mshahara wa askari na chakula cha mgeni. Ng'ombe wakifa, ufalme umefilisika. Wajerumani walipokuja, walikuta mlango uko wazi.

Kisha likaja jambo ambalo sisi watu wa mjini huwa hatulioni. Malisho yakikosa ng'ombe wa kuyala na watu wa kuyachoma moto kwa msimu, yanaota vichaka. Vichaka vikija, mbung'o anaingia. Mbung'o akiingia, binadamu na ng'ombe wanahama, wanyama wa porini wanabaki. John Ford, mtaalamu wa mbung'o wa enzi za Mwingereza aliyeandika pia historia ya Karagwe, aliieleza kazi hiyo ya ugonjwa na vichaka kwa undani. Kwa hiyo baadhi ya pori tunaloliona leo tukasema "asili haijaguswa" liliguswa sana tu. Lilikuwa malisho.

Mwaka 1963 sheria ikafuta uchifu nchi nzima. Mwaka 2019 pori la akiba lililobeba jina la Rumanyika Orugundu likapandishwa kuwa hifadhi ya taifa, Rumanyika-Karagwe. Nafurahi jina limehifadhiwa. Ila ona kichekesho: katika hifadhi ya taifa kuchunga ni marufuku. Mfalme ambaye kila kitu chake kilikuwa ng'ombe amepewa heshima ya ardhi ambayo ng'ombe akikanyaga anakamatwa.

Sasa nirudi kwenye swali langu. Nyumba ya nyasi haimsubiri mkarabati. Ukiacha kuwasha moto ndani, moshi ukakoma, mchwa na mvua wanamaliza kazi kwa miaka michache. Nyumba ya mawe ya setla hata ikitelekezwa nusu karne, kuta zinabaki, na siku moja anatokea mtu mwenye mtaji na jicho zuri. Kwa utaratibu huo, bila mtu yeyote kukaa kikao na kuamua, tunajikuta tumehifadhi miaka arobaini ya setla na kupoteza karne kadhaa za wenyeji. Mtoto wa Dar anayekwenda kulala kwenye nyumba ya mwaka 1929 anarudi akiamini kwamba shamba zuri, bustani na ukarimu wa mashambani vilianza na yule aliyejenga ukuta.

Je, tukajenge nyumba za nyasi Bweranyange, tuweke vitanda vya futi sita na bwawa la kuogelea, tuwavalishe vijana ngozi wacheze ngoma saa kumi na mbili jioni? Mungu atuepushe. Hiyo itakuwa Windermere nyingine, jina la mgeni juu ya maji ya mwenyeji.

Kinachoweza kukarabatiwa ni kitu ambacho bado kiko hai. Kibanja bado kipo, na kahawa bado iko chini ya migomba. Wapo wanaojua nyumba ya msonge inavyosukwa kuanzia juu kwenda chini. Wapo wazee wanaojua zizi lilikuwa wapi na ngoma ililia upande gani. Mgeni anaweza kulala kwa mkulima, akalipa mkulima huyo huyo, akala ndizi zake, akasikia habari ya Rumanyika pamoja na habari ya yule binti wa maziwa na yule mwanakijiji aliyetoa kuku wake kwa amri. Gharama yake ni choo safi, kitanda kizuri na mtu wa kusimulia aliyejiandaa. Kuta si lazima. Lakini itahitaji ile karatasi: nani mwenye haki na kilima, nani anapata fedha. Hilo likiachwa hivi hivi mpaka mwenye mtaji afike kwanza, tutakuja kulipia kulala pale kwa mtu mwingine kabisa, na yeye ndiye atakayetusimulia historia yetu.

Kwa hiyo siku utakapokwenda, na nakuomba uende, ukifika usiulize kwanza mtandao unashika wapi. Tafuna kahawa uliyowekewa mkononi, kisha uulize ng'ombe walikuwa wakilala upande gani.